Chumvi Chini ya Itobela

Ardhi ya Itobela ilikuwa na sifa moja tu: haikuwa na habari. Wenzao wa Rungwe wana milima iliyowahi kutapika moto. Wa Manyara wana bonde linalopanuka kidogo kidogo wala halichoki. Itobela, huko kusini mwa Tabora, imekaa juu ya mwamba mkongwe uliolala tangu kabla samaki hawajapata mifupa, na mwamba huo haukuwa na mpango wowote wa kuamka. Kama ungetumwa utafute mahali pabaya kuliko pote pa kumfundisha mtoto kuipenda sayansi ya ardhi, ungefika Itobela ukatua mzigo.

Ndiko alikoshuka Mwamvita Kondo asubuhi moja ya Agosti, vumbi hadi kwenye kope, kuja kumkagua mwanafunzi aliyeingia fainali ya Shindano la Mizizi.

"Haya, wametuletea Mzaramo!" alipiga kelele Mwalimu Msabila, mwalimu wa jiografia, akija mbio kumpokea begi. "Huyu atajua nini habari za miamba? Kwao ukichimba futi mbili unakuta mchanga na kifuu cha nazi."

"Na nyie Wanyamwezi mkichimba mnakuta nini, mtani? Michembe ya viazi mliyomficha mgeni asile."

Msabila alicheka mpaka akalishusha begi chini. Mwamvita naye alicheka, lakini usingizi ulikuwa umempaa tangu alipoiona ripoti ya shule hii wiki iliyopita. Ripoti ilisema mwanafunzi wa kidato cha pili, Kalunde Maganga, amegundua chanzo cha mitetemo ya Itobela. Mwamvita alikijua chanzo hicho vizuri sana. Kilikuwa yeye mwenyewe.

Mzizi ulikuwa nyuma ya maabara, umezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasiusogelee. Juu ya ardhi ulionekana kisiki cha kijivu, kifupi kuliko kigoda. Mambo yenyewe yalikuwa chini. Shule inapewa kipande kinachofanana na pingili ya muhogo, inakifukia, inakimwagilia maji ya chokaa, na chenyewe kinaanza kuteremka. Kinakula madini ya mwamba na kujirefusha kwa madini hayo hayo, mpaka muhula unapokwisha kimefika kina ambacho zamani serikali nzima ingehitaji mtambo na bajeti kukifikia. Kikifika kinasikiliza. Mwanafunzi anavua viatu, anasimama juu ya kibao kilichounganishwa na kisiki, na kila kinachotikisika huko chini kinapanda hadi kwenye nyayo zake, huku mstari ukijichora kwenye skrini.

Shule itakayoeleza vizuri zaidi kilichoko chini yake ndiyo inayoshinda, na mwanafunzi wake anasomeshwa mpaka chuo kikuu. Wazo zuri, kila mtu alilisifu. Tena mwaka wa kwanza lilikwenda vizuri kabisa huko kwenye mabonde na milima. Kwenye shule kama Itobela, watoto walisimama kwenye vibao muhula mzima, wakasikia kimya, wakarudi zao kucheza mpira. Taasisi inayoendesha shindano ikaamua kuing'oa mizizi yote ya sehemu tulivu ikapandwe penye faida. Mwamvita, aliyekuwa fundi mkuu wa ile ofisi ya Dodoma wanayoiita Jiko, alikwenda mwenyewe kusimamia mzizi wa kwanza ukitolewa. Kulikuwa na mtoto wa darasa la saba aliyeukumbatia kisiki akakataa kuachia. Mwamvita alirudi Dodoma hana raha.

Hapo ndipo alipobuni chumvi. Mtetemo mdogo wa kutengeneza, wa kuwatia watoto hamu, unarushwa kutoka Jikoni na kuingia kwenye mzizi kana kwamba umetoka mwambani. Watoto waliuita kikohozi. "Ardhi imekohoa!" wakapiga kelele nchi nzima, na mwaka huo hakuna mzizi hata mmoja uliong'olewa.

Kijana mmoja pale Jikoni aliwahi kuuliza kama si vizuri kuichelewesha chumvi, kila shule ipate kwa wakati wake, kwa sababu mtetemo wa kweli husafiri na hauwezi kufika kila mahali kwa mpigo mmoja. Mwamvita alimjibu, "Nani atapima? Kanuni inakataza shule kupeana majibu." Na kweli kanuni ilikataza. Waliikataza simu, wakaukataza ujumbe, wakaweka na mhuri. Ila hakuna kanuni iliyowahi kutungwa Tanzania ikawazuia watani kupigiana simu kuzomeana.

*

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Wewe ndiye Kalunde?"

"Ndiyo, madam. Karibu. Usikanyage waya."

Kalunde alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kuamuru, na hakuwa na haya hata kidogo. Mezani kwake hapakuwa na chati wala mchoro. Palikuwa na tikiti maji moja kubwa, lililochomwa miiba minne ya mgunga.

"Hili nini?" aliuliza Mwamvita.

"Dunia, madam."

Msabila alikohoa kuficha kicheko. Kalunde hakumjali.

"Ilianza na watani," alisema. "Kuna shule Kisarawe nayo imo kwenye shindano. Tulipoona jina lao tukawapigia kuwaambia kwamba ardhi yao mchanga mtupu, haiwezi hata kupiga chafya. Si kupeana majibu, madam, ni kuwatania tu. Akapokea mvulana anaitwa Kibwana, mdomo kama cherehani. Tukawa tunazomeana hivyo kila siku. Siku moja nipo kwenye kibao, naye yupo kwenye chake, ardhi yetu ikakohoa. Nikapiga kelele, yetu imekohoa! Na yeye akapiga kelele hapo hapo, na yetu! Tukadhani bahati. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu nikamwambia, Kibwana, hebu acha utani kidogo."

"Ukafikiri nini?"

"Nikafikiri kitu kilichotetemeka kiko katikati yetu, umbali sawa. Kibwana akawatafuta watani zake wa Songea. Na kwao, papo hapo." Aligusa mwiba wa tatu. "Kwa shule tatu ilikuwa bado. Ukitafuta sehemu zilizo mbali sawa na shule tatu, unapata mstari mrefu unaoteremka chini, na chanzo kinaweza kuwa popote kwenye huo mstari. Nililia, madam, kwa sababu hesabu haikutaka kufunga. Halafu shangazi yangu aliyeolewa Bukoba akaniulizia shule ya huko. Papo hapo na wao."

Alichukua kisu. Alilipasua tikiti kati, taratibu, akauweka upande mmoja mbele ya Mwamvita na kugusa moyo wake mwekundu kwa ncha ya kisu.

"Ukiwa na shule nne, madam, pamebaki mahali pamoja tu palipo mbali sawa na zote. Hapa. Katikati kabisa ya dunia kuna kitu kinagonga."

Darasa zima lilikuwa limejazana dirishani, na wote walipiga makofi. Mwamvita alilitazama tikiti. Alikuwa na shahada tatu na hakuwahi kuona hoja iliyonyooka namna ile ikitoka kwa mtoto. Hapakuwa na kosa popote. Mstari, mwiba wa nne, moyo wa tikiti, vyote vilikuwa sahihi. Kilichokuwa cha uongo ni kikohozi peke yake, na hicho ndicho alichokiweka yeye.

"Kula, madam," alisema Kalunde, akamkatia kipande. "Ushahidi mwingine upo, huu tunaweza kuula."

Akala. Lilikuwa tamu kweli, na kila alipomeza aliona aibu inamshuka pamoja nalo.

*

Mchana alijifungia kwenye gari akampigia mkurugenzi wake, Dokta Mringo.

"Nimeshaiona ripoti," alisema Dokta kabla hajasalimiwa. "Katoto kana akili hako, balaa. Sasa sikiliza. Fainali majaji wapya wanatoka nje, watamuuliza maswali mawili tu, na swali la pili litawafikisha kwenye chumvi. Kwa hiyo hafiki fainali. Mwambie saa za mizizi zilikosea. Hitilafu ya mitambo, basi. Tunampa tuzo ya ubunifu, tunamsomesha vilevile, na mambo yanaisha."

"Dokta, saa hazikukosea."

"Mwamvita, chumvi ni yako."

"Najua ni yangu."

"Ukisema hadharani, wafadhili wanaondoka kesho yake. Mizizi ya shule tulivu inang'olewa yote, ufadhili wa huyo binti unakufa, na wewe kazi huna. Nani atakuwa amefaidika? Niambie mtu mmoja tu."

Mwamvita alimtafuta huyo mtu mmoja, hakumpata. Hilo ndilo lililomuuma. Dokta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameuliza swali la haki kabisa. Kule uwanjani Kalunde alikuwa anawapanga wadogo zake wa kidato cha kwanza kwenye duara, kila mmoja sayari yake, akiwafokea waliosimama vibaya. Mwamvita alimtamani mtoto yule aendelee kuipenda ardhi hivyo hivyo maisha yake yote. Saa zilizokosea, mbona ni uongo mdogo tu? Akaukubali. Akalala nao, na asubuhi akaamka nao.

*

"Saa zilikosea?" Kalunde alirudia.

Walikuwa wawili peke yao kwenye mzizi. Jua lilikuwa bado halijawaka sana. Mwamvita alikuwa ameyapanga maneno vizuri, na yalimtoka vizuri.

"Ndiyo. Mitambo yetu. Nasikitika sana, Kalunde. Hesabu yako ilikuwa safi, ila saa—"

"Hapana, madam. Saa tulizipima."

"Mlizipima vipi?"

"Tulimwambia Kibwana aruke juu ya kisiki chao huku tunamsikiliza kwa simu. Kishindo tunakisikia hapa, tunaandika saa ya ukutani. Halafu tunalinganisha na mzizi wao ulivyoandika. Tukafanya na Songea, tukafanya na Bukoba. Kibwana aliruka mpaka akateguka kifundo. Saa ziko sawa." Alimtazama Mwamvita usoni, bila hasira, kwa udadisi tu, jicho lile lile alilolitazamia tikiti. "Kwa nini unasema zimekosea?"

Mwamvita angeweza kutafuta uongo wa tatu, na binti huyu angeupima nao. Au angechoka kupima. Wazo hilo la pili lilimtisha kuliko kufukuzwa kazi: siku ambayo Kalunde atakuja kuamini kwamba akipima vizuri na mkubwa akasema tofauti, basi mkubwa ndiye sahihi.

"Vua viatu," alisema. "Panda kwenye kibao."

Kalunde akapanda. Mwamvita akatoa simu yake, akafungua mlango wa Jiko kwa alama ya kidole, akaikuta chumvi mahali pake.

"Nikisema sasa, niambie unachosikia. Sasa."

Alibonyeza. Ardhi ya Itobela ikakohoa.

Kalunde aliangalia miguu yake, kisha simu, kisha miguu tena.

"Rudia," alisema.

"Sasa."

Ikakohoa.

"Kumbe ni wewe unayegonga."

"Ni mimi. Ni mlio wa mchi wa mama yangu akitwanga, nilioupunguza kasi. Nauweka ili ardhi tulivu isiwachoshe. Nilidhani nawasaidia. Kalunde, samahani sana. Nimekudanganya muhula mzima, na sasa hivi nilitaka kukudanganya tena."

Binti alishuka kwenye kibao. Alilia kwa uchungu, bila kujificha, kamasi zikimtoka. Mwamvita alisogea kumshika bega, mkono ukasukumwa. Na katikati ya kilio hicho simu ya Kalunde ikaanza kuita, ikaita, ikaita, mpaka akaipokea.

"Wanyamwezi mmelala!" Sauti ya Kibwana ilisikika mpaka kwenye miiba. "Yetu imekohoa mara mbili mfululizo! Mara mbili! Semeni na yenu tusikie!"

Kalunde aliifunika simu kwa kiganja. Macho yalikuwa mekundu.

"Nimwambie nini?"

Hapo Mwamvita aliiona mizizi yote ile ikitoka ardhini, mmoja baada ya mwingine, na yule mtoto wa darasa la saba, na meza yake Jikoni ikiwa tupu. Alitamani amwombe anyamaze mpaka jioni tu.

"Mwambie ulichokiona," alisema.

Kalunde akamwambia. Alimwambia kila kitu, mchi na mama na kidole. Kibwana, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu azaliwe, safari hii alikuwa na moja tu. Aliuliza kama kifundo chake kiliteguka bure, na Kalunde akajibu kwamba hapana, saa zilikuwa sawa kweli. Kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia, Songea walikuwa wanajua, na Bukoba, na watani wa watani wao.

Dokta Mringo hakukawia.

"Umefanya nini, wewe mwanamke? Simu zinapigwa hapa huwezi kuamini! Sitisha kila kitu, rudi Dodoma. Nafunga mlango wako wa Jikoni sasa hivi. Na wiki ijayo magari yanapita kung'oa, ujue hivyo, uwaambie na hao watoto wako."

Mwamvita alishusha simu. Alidhani Kalunde ameshaondoka. Kumbe binti alikuwa amekaa chini karibu na kisiki, anafuta uso kwa sketi ya shule.

"Madam. Ukiondoa chumvi, chini kuna nini?"

"Kimya. Ndiyo maana—"

"Sikuulizi unavyodhani. Tuonyeshe."

Mlango wa Jiko ulikuwa bado wazi. Huko Dodoma walikuwa wanatafuta nani ana funguo za kuufunga. Mwamvita aliizima chumvi kwa nchi nzima. Halafu akaenda mbali zaidi, kwenye kifungo ambacho hata yeye hakukigusa kwa miaka. Jiko halikuwa linatia chumvi tu, lilikuwa pia linapepeta. Hatua za wapita njia, malori, upepo, na chochote kinachokwenda polepole mno kwa mguu wa mtoto kukihisi, vyote vilihesabiwa makapi na kuwekwa kando kabla havijafika shuleni. Alifungua yote yapite, ya sasa na ya muhula mzima, shule zote, kama yalivyotoka mwambani. Akakiri pia kwamba hakujua itawafaa nini. Kisha simu ikamwandikia kwamba hana ruhusa ya kuingia.

Kwenye skrini ya Itobela palijaa vurugu. Mbuzi walionekana, mpishi wa shule akipasua kuni alionekana. Kalunde aliisogeza picha, akaibana, muhula mzima ukakusanyika kwenye kioo kimoja, na vurugu ikajifuta yenyewe. Uliobaki ulikuwa mstari mmoja unaopanda na kushuka, laini, unapanda na kushuka tena, bila kukosa, mpaka mwisho wa kioo.

"Hii nini?"

"Hiyo huwa tunaitoa."

"Ni nini lakini?"

"Ni ardhi inapanda." Mwamvita alijisikia akieleza kama vile ni mara yake ya kwanza kulifikiria jambo hilo. "Mwamba wote. Unavutwa, unanyanyuka, halafu unashuka. Mara mbili kwa siku."

"Kiasi gani?"

"Shubiri moja na ushei."

Kalunde alisimama. Alitazama maabara, bweni, mti wa kengele na ng'ombe wa jirani wakipita barabarani.

"Na hivyo vyote vinapanda?"

"Vyote. Na sisi. Hatuhisi kwa sababu hakuna kinachobaki nyuma."

"Nani mwingine anajua?"

"Wataalamu wote wanajua. Ni jambo la zamani sana."

"Mnajua kwamba tunanyanyuliwa na shule yetu kila siku," alisema Kalunde taratibu, "mkaona si kitu cha kutuambia. Mkatuletea mchi."

Ilikuwa hivyo. Kalunde aliugeukia tena mstari, akaufuata kwa kidole mpaka mahali ulipofikia muda huo. Ulikuwa unapanda bado, kidogo sana, unakaribia kileleni.

"Unavutwa na nini?"

"Na mwezi, na jua pia kidogo. Ndiyo maana Kisarawe, kwa kuwa wako mashariki, wao—"

"Usiniambie!"

Alikuwa ameinua kiganja chote, mtoto wa kidato cha pili akimnyamazisha mgeni rasmi, na hakuomba radhi.

"Usiniambie, madam. Ukiniambia tena sitajua kama ni kweli."

Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa. Mwamvita alinyamaza kama alivyoamriwa. Jibu alilijua tangu mwaka wake wa pili chuoni, lakini hakuwahi kulisubiri namna hii.

"Kibwana. Nyie mmeona mstari?"

"Tunao hapa, tumejazana wote. Ni uongo mwingine huu?"

"Sijui bado. Uangalie wa sasa hivi. Usiniambie mpaka nikuulize." Kalunde alikuwa amekaribia kioo mpaka pua inataka kukigusa. Mstari wa Itobela ulipanda chembe, ukapanda chembe nyingine, kisha ukatulia. "Wetu umefika juu. Umesimama. Haya sema, na wenu?"

Watu walisikika wakigombana upande wa pili.

"Wetu ulishasimama kitambo," alisema Kibwana. "Sasa hivi unashuka."

"Una uhakika?"

"Nakwambia unashuka, Mnyamwezi wewe! Tumewatangulia!"

Kalunde alimgeukia Mwamvita. Machozi yalikuwa hayajamkauka mashavuni, na alikuwa anacheka.

"Si papo hapo, madam, kwa hiyo si mchi," alisema. "Haukuwa papo hapo!"